Kipaji Hakina Mwenyewe Mpaka Kiandikwe

Hotuba kwa viongozi wa klabu, makocha na walimu wa michezo, Kampala

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika uongozi wa michezo, makocha, walimu, ndugu zetu mliovuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote. Nawashukuru waandaaji kwa kukubali tuzungumze kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi wa Uganda tumekawia kuizoea nje ya kambi za jeshi na masoko ya mpakani, lakini ambayo leo inatuwezesha kumsikiliza kocha wa Kigoma na katibu wa Bunia bila ya mkalimani kusimama katikati.

Nimeombwa nieleze jinsi timu za kulipwa zinavyojipatia uwezo wa kuwazidi wapinzani wao kwa kusimamia vipaji. Niseme mapema ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa hoja zake. Katika ukanda wetu huu hatushindwi kukiona kipaji. Mama anayechoma mahindi nje ya uwanja wa Wankulukuku atakuonyesha kijana mwenye mguu kabla kocha hajapata mahali pa kuketi. Tunakoshindwa ni baada ya kuona: kumjua kijana huyo kwa undani kuliko jirani anavyomjua, kumwandika ipasavyo, kumsubiri anapoyumba, na kumwandaa atakayeshika nafasi yake siku akiondoka. Klabu zinazoshinda kwa miaka mingi zimeiweka kazi yao huko, mahali ambapo hapana shangwe wala vuvuzela, maana nani aliyewahi kulishangilia daftari?

Nianzie mbali, Marekani, katika mchezo wa besiboli, ambao najua wengi humu hawaufuatilii, ingawa watoto wa Lugazi wana habari nao na nitawarudia baadaye. Mwaka 2002 klabu ya Oakland Athletics ilitumia takriban dola milioni 40 kwa mishahara ya wachezaji, wakati New York Yankees walitumia zaidi ya milioni 120. Kabla ya msimu huo kuanza, Oakland walikuwa wamempoteza mpigaji wao hodari, Jason Giambi, naye alikwenda huko huko kwa Yankees kwenye fedha. Msimu wa kawaida ulipokwisha, kila moja ya klabu hizo mbili ilikuwa imeshinda mechi 103, na Oakland katikati ya safari hiyo walikuwa wameshinda mechi 20 mfululizo. Meneja mkuu wao, Billy Beane, hakuwa na hirizi mfukoni. Yeye na wasaidizi wake walikuwa wamegundua kwamba soko linalipa fedha nyingi kwa vitu vinavyopendeza macho, kama umbo la mchezaji na kasi yake, na linalipa kidogo kwa kitu kinacholeta pointi hasa, yaani uwezo wa mpigaji kufika kituo cha kwanza kwa njia yoyote, hata kwa kusimama na kuiacha mipira mibovu ipite. Basi wakanunua kwa bei nafuu kile ambacho wengine walikidharau.

Wanaopenda kuisimulia habari hii mara nyingi huikatisha hapo, nami naona utamu wake hasa uko mbele. Oakland hawakutwaa ubingwa mwaka ule. Walitolewa katika raundi yao ya kwanza ya mtoano. Haikuchukua muda klabu tajiri zikajifunza hesabu zile zile, na Boston Red Sox, waliokuwa na fedha na sasa hesabu pia, wakatwaa ubingwa mwaka 2004 baada ya kuungoja tangu 1918. Ujuzi ukishasambaa haumwinui tena aliyeugundua. Klabu maskini inayodhani itapata siri moja na kuikalia miaka 10 inajidanganya. Inachohitaji ni mazoea ya kujua mapema, msimu hadi msimu, hata wale wanaojua leo watakapokuwa wamehama.

Hilo la watu kuhama nataka nilikazie, na mfano wake mnaujua, kwa sababu nusu ya Kampala hulala Uganda na kuishi Uingereza kila Jumamosi jioni ndani ya vibanda vya video. Leicester City walichukua ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2016 wakiwa na Riyad Mahrez, waliyemtoa Le Havre ya daraja la pili Ufaransa kwa takriban pauni 400,000, na N'Golo Kanté waliyemtoa Caen, na Jamie Vardy aliyetoka Fleetwood Town, klabu iliyokuwa nje kabisa ya ligi za kulipwa. Aliyesifika kwa kuwaona vijana hao ni Steve Walsh, mkuu wa usakaji wa vipaji. Kiangazi kile kile cha ubingwa Kanté alikwenda Chelsea, na magazeti yakaandika kurasa na kurasa. Walsh naye alikwenda Everton, na wengi hawakugeuza hata shingo. Miezi saba baadaye kocha wa ubingwa, Claudio Ranieri, alikuwa amefukuzwa. Ni haki kusema kwamba walipata pia Kombe la FA mwaka 2021, lakini mwaka 2023 walishuka daraja. Mimi nikiulizwa ni nani kati ya Kanté na Walsh alikuwa hasara kubwa zaidi, sina hakika kwamba nitamtaja yule aliyekuwa akikimbia uwanjani.

Wawekeni hao pembeni ya Brighton. Mwaka 2021 Brighton walimchukua kijana wa Ekwado, Moisés Caicedo, kutoka Independiente del Valle kwa pauni kama milioni nne hivi. Agosti 2023 walimuuza Chelsea kwa pauni milioni 100, na nyongeza zilizoweza kuifikisha bei milioni 115. Faida hiyo inasisimua, lakini mimi hutazama jambo jingine. Septemba 2022 Chelsea waliwachukulia kocha, Graham Potter, msimu ukiwa tayari umeanza. Hapa kwetu jambo la namna hiyo lingeleta kikao cha dharura, kamati ndogo, na msaidizi kukaimu mpaka Krismasi. Brighton walimtangaza Roberto De Zerbi ndani ya siku chache, na msimu ulipomalizika walikuwa nafasi ya sita, wakiwa wamefuzu mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yao. Klabu ya aina hiyo haianzi kutafuta siku mtu anapoaga. Ilianza kutafuta zamani, ikijua kwamba kila aliye bora ataondoka, na kuondoka kwake kumekwishaingizwa katika hesabu.

Sasa ndugu zangu mtaniambia kwamba hao ni wazungu wenye kompyuta na matajiri wa kamari nyuma yao. Haya, twende Abidjan. Mnamo miaka ya 1990 klabu ya ASEC Mimosas, pamoja na Mfaransa Jean-Marc Guillou, ilianzisha akademi iliyowachukua watoto wadogo, ikawalaza, ikawalisha, ikawasomesha darasani na kuwafundisha mpira wa miguu kila siku. Mwaka 1998 ASEC walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mwanzoni mwa 1999, walipotakiwa kucheza Kombe la Super la CAF, shirikisho la soka la Afrika, na Espérance ya Tunis, mabingwa wengi walikuwa wamekwishauzwa, basi klabu ikawateremsha uwanjani vijana wa akademi. Watu walidhani ni mzaha. Vijana walishinda 3–1 baada ya muda wa nyongeza. Katika akademi hiyo walipita Kolo Touré na mdogo wake Yaya, Emmanuel Eboué, Didier Zokora, Salomon Kalou na Gervinho. Senegali nao wana Génération Foot, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye mapatano ya kudumu na klabu ya Metz ya Ufaransa. Kwa njia hiyo Sadio Mané alifika Metz mwaka 2011, na baada yake Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr wakapita mlango ule ule. Zingatieni maneno hayo, mlango ule ule. Hawakumtafutia kila kijana wakala mpya na ubalozi mpya. Mlango ulijengwa mara moja, nao wakaendelea kuutumia.

Nije nyumbani. Hapa Uganda mlezi mkuu wa vipaji vya mpira ni shule. Tumeona Vipers, zamani Bunamwaya, wakiweka klabu ubavuni mwa shule ya St. Mary's Kitende, na kijana akawa na njia inayoeleweka kutoka darasani hadi Ligi Kuu. Oktoba 2022 klabu hiyo iliwatoa TP Mazembe kwa mikwaju ya penalti kule kule Lubumbashi na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Tumeona KCCA chini ya kocha Mike Mutebi wakiwaamini vijana, wakachukua ubingwa wa 2016, 2017 na 2019, na mwaka 2018 wakaingia hatua hiyo hiyo ya makundi. Kwa hiyo sisemi hatuna kitu. Nasema kwamba shule, kwa kanuni za soka la dunia, si klabu, na hapo ndipo fedha zetu zinapovuja.

Niruhusuni nikae kidogo juu ya jambo hili, hata kama baadhi yenu mtaliona kavu. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya fedha za mauzo hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa umri wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Huu unaitwa mchango wa mshikamano. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15 klabu hupata robo ya asilimia moja ya bei ya mauzo. Kwa kila msimu kuanzia miaka 16 hupata nusu ya asilimia. Chukueni kijana mliyekaa naye tangu miaka 12 hadi 18, akaondoka, na miaka mitano baadaye klabu moja ya Ulaya ikamuuza kwa nyingine ya nchi jirani kwa dola milioni moja. Misimu minne ya kwanza inawapa dola 10,000, misimu mitatu inayofuata inawapa 15,000. Jumla ni dola 25,000, kwa mchezaji ambaye hamjamwona kwa miaka mitano, na akiuzwa tena mnalipwa tena. Juu ya hayo kuna fidia ya mafunzo, anaposajiliwa nje ya nchi kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Klabu za Ulaya za daraja la juu huhesabiwa hadi euro 90,000 kwa kila mwaka wa mafunzo, ingawa miaka ya utotoni huhesabiwa kwa kiwango cha chini zaidi. Kwa klabu ya wilaya, fedha hizo ni basi. Ni uwanja kuwekewa uzio.

Nani hulipwa? Ni klabu ambayo jina lake limo katika kumbukumbu za usajili wa mchezaji. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi ya malipo mjini Paris inayokusanya na kugawa fedha hizo kwa kufuata pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, ambayo hutengenezwa kutokana na kumbukumbu za usajili za mashirikisho. Zamani klabu ilibidi iandike barua, itafute wakili, ifuatilie miaka. Siku hizi mashine yenyewe hukutafuta, ilimradi jina lako limo. Kama halimo, mashine haina macho ya kumwona mwalimu aliyemnunulia kijana viatu.

Nayasema haya nikiwa mtu aliyeungua. Nilikuwa katibu wa klabu moja ya mashariki, ambayo sitaitaja kwa kuwa wengine tuliokuwa nayo tumo humu ndani. Tulikuwa na beki wa kushoto aliyefika kwetu na kaptula ya shule, akacheza nasi misimu mitano. Jina lake niliandika katika daftari la mazoezi lenye picha ya pundamilia kwenye jalada, na fomu za shirikisho nilikuwa nikijaza za wale wakubwa tu, kwa sababu kila fomu ilikuwa na ada na mimi nilijiona mwerevu wa kubana matumizi. Kijana aliondoka akiwa na miaka 17, bila mkataba, kwa kupeana mikono na maneno matamu. Miaka ilipita, akavuka bahari, akauzwa. Tulipoandika kudai haki yetu tuliombwa ushahidi wa usajili. Nilifungua kabati la ofisi na kukuta mchwa wamekula daftari kuanzia nyuma, wakafika kwenye herufi ya jina lake. Tulibaki na picha moja ya timu, naye amesimama mstari wa nyuma, nusu ya uso imefichwa na bega la golikipa. Hatukupata hata senti. Sikuwa na wa kumlaumu, si wakala wala mchwa. Kosa lilikuwa langu.

Na msidhani karatasi ni ugonjwa wa mpira wa miguu peke yake. Niliahidi kurudi Lugazi. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda Marekani kucheza Fainali za Dunia za Little League za besiboli, ikiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo, lakini haikusafiri: walinyimwa viza kwa kuwa tarehe za kuzaliwa katika nyaraka zao hazikuafikiana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifuzu, nyaraka zikakubalika, watoto wakapanda ndege na kucheza Williamsport. Mchezo ulikuwa ule ule na nchi ile ile. Nawaomba walimu mliomo humu mfikirie watoto wa 2011, ambao umri wao wa mashindano yale haukuweza kurudi tena.

Kuhusu mikataba nitasema kwa ufupi, kwani mawakili watazungumza mchana. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kusaini zaidi ya miaka mitatu, na mchezaji yeyote anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Pigeni hesabu: kijana aliyesaini miaka mitatu siku anapotimiza miaka 17, akifika 19 na nusu yuko huru kuketi mezani na mpinzani wenu, wakati ndiyo kwanza jina lake limeanza kuimbwa. Klabu makini humwita mezani akiwa na miaka 18, wakati bado anacheza dakika 20 za mwisho na mashabiki wanamzomea. Na inapomuuza, huacha kipengele cha asilimia ya mauzo yajayo. Sisi humwita akishafunga mabao 15, halafu tunamwita msaliti.

Nihamie kwenye kusubiri, maana kalamu peke yake haikuzi mtu. Wengi wenu mlikuwapo Kololo tarehe 26 Machi 2017, siku ya mbio za nyika za dunia. Mnaikumbuka. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alikuwa mbele, uwanja mzima umesimama, na mbio zilikuwa zimebakiza chini ya kilomita moja pale miguu ilipomkatika. Geoffrey Kamworor wa Kenya alimpita, kisha wengine, kisha wengine, na Cheptegei akafika mstarini akiwa wa 30, akiyumba kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nilisikia maneno ya watu wakitoka uwanjani siku ile, na sitayarudia hapa. Wengi walikuwa wamekwishamzika, na kumhamishia matumaini Jacob Kiplimo, ambaye mchana ule ule alishinda mbio za vijana.

Waliokuwa wakimsimamia hawakumzika. Chini ya kocha wake Mholanzi, Addy Ruiter, na ndani ya NN Running Team, timu ya kulipwa ya wakimbiaji iliyoanzishwa mwaka ule ule wa 2017, aliendelea na mazoezi, na Agosti alikuwa London akichukua medali ya fedha ya mita 10,000 nyuma ya Mo Farah. Mwaka 2019 alishinda mbio zile zile za nyika zilizomwangusha. Mwaka 2020, ndani ya miezi miwili, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco kwa 12:35.36, na ya mita 10,000 kule Valencia kwa 26:11.00. Dhahabu ya Olimpiki ilikuja Tokyo, nyingine Paris mwaka 2024. Riadha huonekana kuwa mchezo wa mtu mmoja, lakini timu ya namna ile ina kocha, ina mchua misuli, ina wenzake wa kukimbia nao milimani, ina watu wa kuamua ni mbio zipi akimbie na zipi aziache. Hilo la mwisho ndilo gumu. Klabu zetu humchezesha kijana mwenye goti bovu kwa sababu Jumapili kuna mchezo wa watani wa jadi, kisha msimu unaofuata tunamkuta stendi anaendesha boda boda, na tunasema alikosa nidhamu.

Denis Onyango ni ushahidi wa subira ya aina nyingine. Mamelodi Sundowns walimsajili mwaka 2011, akakaa benchi, akapelekwa kwa mkopo Bidvest Wits, akarudi. Mwaka 2016 alikuwa langoni Sundowns walipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na akatajwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Golikipa huchelewa kuiva. Klabu isiyolijua hilo hubadilisha makipa kama soksi, kisha hulalamika kwamba haina kipa.

Nilitaja Vipers na usiku ule wa Lubumbashi. Kuna mwendelezo wake, nao si mtamu. Kocha aliyewafikisha makundini, Mbrazili Robertinho, alichukuliwa na Simba ya Dar es Salaam Januari 2023, kabla mechi za makundi hazijaanza, na kwa bahati mbaya Simba walikuwa kundi lile lile. Simba waliwafunga Vipers 1–0 Kitende, kisha 1–0 Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Tanzania msicheke sana. Nanyi mnajua uchungu wa kuondokewa. Ninachotaka viongozi wa Uganda mkione ni kwamba Simba walitambua jambo tunalolisahau, kwamba kocha naye ni kipaji, na msaka vipaji ni kipaji, na yule daktari wa timu anayelijua goti la kila mtu ni kipaji. Wote hao wanahitaji mkataba wenye kipengele cha kuvunjwa, na kila mmoja anahitaji mtu wa chini yake anayejifunza kazi. Klabu nyingi nilizozitembelea zina mkataba wa mshambuliaji wa kigeni wa kurasa nane, na kocha wa vijana analipwa posho ya nauli kwa mkono, akikumbukwa.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Wasaka vipaji watajaa hotelini, na wataondoka na vijana wetu wawe wameandikwa au hawajaandikwa.

Wakati wa chai, mzee mmoja kutoka Teso, ambaye amefundisha vijana tangu mimi sijaanza shule, alinishika mkono akaniuliza: «Mwanangu, maneno yako nimeyasikia, lakini klabu yangu haina hata ofisi. Huyo karani wa usajili nitamlipa nini?» Nilimwambia, na niliahidi kumjibu mbele yenu, kwamba nilipokuwa katibu tulikodi basi mara 12 kwa msimu kwa ajili ya mechi za ugenini, na gharama ya safari moja tu ingetosha kusajili kikosi chote cha vijana mwaka ule. Karani si lazima awe mtu mpya. Mtafute mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mwenye simu ya kupiga picha na mwandiko unaosomeka. Kila mtoto anayeingia, apige picha cheti chake cha kuzaliwa, na kama hana, mzazi aitwe akitafute kabla mtoto hajavaa jezi. Aandike tarehe ya kwanza ya mazoezi, mguu anaotumia, majeraha, jina la mama, na namba ya simu ya mtu ambaye hahami. Kila mwisho wa msimu aongeze mistari mitatu: amekua vipi, nani anamfukuzia nafasi yake, mkataba wake unaisha lini. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti, nyingine kanisani au msikitini, popote pasipo na mchwa.

Mzee alicheka, kisha akaniuliza aanze na nani, kwa sababu ana vijana 46. Nikamwambia aanze na yule ambaye moyoni anajua kwamba ataondoka kwanza. Alinyamaza kidogo, akalitaja jina. Fomu tulizochapisha ziko mezani pale karibu na mlango, na kila mjumbe anaweza kuchukua hadi 50, kalamu mtajitegemea.

Asanteni kwa kunisikiliza.